Baba Mbusa, Aliyeitambua Pombe ya Fataki kule Aveba

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ile asubuhi tension ya damu ilikukamata ukiwa unafunga viatu vya safari. Tulipokufikisha ku hospitali ulikuwa umeishatuacha. Watu wa Bunia walikujua kama Mbusa Delphin, shofere wa ile Fuso ya buluu iliyobeba chumvi na maharagi, wiki hii Fataki, wiki ingine Aveba. Siye tulikujua kama mutu anayerudi nyumbani na habari za pombe.

Hatuoni haya kuandika vile. Wote waliokuwa nawe wanajua hukulewa hata siku moja. Mahali gari inalala, hapo ndipo ulikunywa, na kikombe kimoja tu. Lakini hicho kimoja ulikitafuta kwa bidii. Kila senta gari iliposimama ulijua mama gani anatengeneza, kimea anakianika wapi, maji anachota ku kisima ao ku muto. "Pombe ya chupa haina mwenyewe," ulikuwa unasema. "Kunywa Bunia, kunywa Kisangani, ni ile ile. Ya kikombe iko na mwenyewe. Ukikunywa tu unajua kama huyo mama aliamuka vizuri."

Mama yetu, bibi yako Musoki, hajaweka pombe mu kinywa maisha yake yote. Ulimuoa akiwa mu korali na mpaka leo anaimba. Lakini kila uliporudi alikutilia maji ya kuoga, akakuletea sombe ya majani ya muhogo, akavuta kile kiti kidogo, akakaa kukungojea. Weye ukaanza kueleza: kasiksi, ile pombe ya ndizi, ya Mama Dorcas wa Aveba, ndizi zilikaa mu shimo siku mingi, imekuwa kali, ya mwezi ule ingine ilikuwa ya kushuka polepole. Mama aliuliza kama mutu anayekunywa: "Sasa kati ya hizo mbili, ipi ilishinda?" Ulifikiri kwanza, ukatafuna, ndipo ukajibu. Hivyo ndivyo Mama alivyojua watengenezaji wote wa barabara zako bila kuona sura ya hata mumoja.

Tunakumbuka vita yako na Papa Evariste, mufugaji wa Fataki, rafiki yako wa miaka yote. Yeye hakutaka kusikia pombe ya ndizi. "Ndizi ni ya kula," alisema. Weye, mutoto wa Butembo, kwenye watu wa ndizi, ulimujibu kwamba mahindi ni ya kuku. Mulibishana hata mukiwa mu simu. Lakini kulikuwa na pombe moja ya mahindi iliyokufunga mudomo, ya Mama Clémence, jirani ya Papa Evariste kule Fataki. Ulipenda kueleza namna ilivyoanza. Binti yake Divine, akiwa bado mudogo, aliachiwa kukaanga unga wa muhogo, akaenda kucheza, unga ukaungua. Mama Clémence hakuwa na mwingine. Akaupika vile vile na kimea cha mahindi. Wateja wakamaliza mutungi, wakauliza kama kuna ingine. Tangu siku ile akawa anaunguza unga kwa kusudi, kidogo tu, na hiyo kazi akamuachia mutoto mwenyewe. "Inaanza tamu," ulimueleza Mama. "Halafu inakuja harufu ya ukoko wa chini ya sufuria. Halafu inaondoka, unabaki unaitafuta." Ulijaribu kuwashawishi wamama wengine wafanye vile. Walikucheka.

Vita ilipofika Fataki, watu walitoka usiku, kila mutu na njia yake. Mama Clémence alifika Bunia na kikwembe kimoja cha kujifunga. Binti yake alikuwa amekamata mukono wake, halafu risasi zikalia, watu wakasukumana, mukono ukaachana. Weye ndiye ulimukuta mu kambi ya wakimbizi wa vita, ukamuleta kwetu, ku kartie ya Mbunya. Mama alimupa chumba cha nyuma. Walichagua maharagi pamoja, wakaenda Misa pamoja, na watu wakaanza kuwaita mapacha, hata kama mumoja ni murefu na mwingine ni mufupi.

Mama alimuambia mara moja, "Mitungi iko. Kama unataka kutengeneza, tengeneza." Mama Clémence alitikisa kichwa. "Mikono iko, Musoki. Lakini hii kazi tulikuwa tunaifanya wawili." Mama hakurudilia tena. Lakini tangu pale, uliporudi safari, swali la kwanza halikuwa la pombe. Alikufuata mpaka ku mulango wa gari, akauliza chini chini, "Umesikia kitu?" Na weye miaka ile yote ulijibu, "Bado."

Ile siku ya Aveba tunaieleza hapa, Baba, juu ulituambia mara mingi na wajukuu wako watataka kuijua.

Ulifika kwa Mama Dorcas mangaribi. Alikuambia, "Kasiksi haijaiva. Kunywa ya mahindi leo, ametengeneza huyu binti ninayekaa naye miezi hii." Ulifikiri namna Papa Evariste atakavyokucheka. Ukakunywa. Ukaweka kikombe chini. Ukakikamata tena, ukakunywa tena, mpaka Mama Dorcas akafikiri nzi imeangukia ndani.

"Nani ametengeneza hii?"

"Si nimekuambia. Iko mubaya?"

"Mwite."

Binti alikuja akipangusa mikono, mutu muzima, na weye sura yake hukuijua. Ulimuuliza, "Unga uliunguza kwa kusudi?"

"Ndiyo, Papa. Kwetu tunafanya vile."

"Kwenu wapi?"

"Fataki."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Alikufa mu vita."

"Weye ulimuona amekufa?"

"Watu ndio waliniambia."

"Jina yake?"

"Clémence."

Mama Dorcas anasema ulivua kofia, ukaiangalia, ukaivaa. Kisha ukamuambia yule binti polepole, kama mutu anayebeba mayai: "Kaa chini, Divine. Mama yako anakaa kwangu. Jana nimemuacha akichagua maharagi na bibi yangu."

Ulipanda kilima kutafuta reseau ya simu. Huku Bunia, Mama alisikia simu inalia, akasikia sauti yako ndani ya upepo: "Musoki, Clémence asitoke nyumbani. Mungojee. Ninakuja na—" Reseau ikakata. Mama alipiga, akapiga tena. Hakuna.

Saa zile ulizopitisha njiani na furaha yako, Mama alizipitisha mu hofu. Yeye alielewa kwamba umepata kaburi la Divine. Hakumuambia Mama Clémence kitu. Asubuhi, mwenzake alipokamata kikapu kwenda soko, Mama alisema, "Ngoja kwanza, tuchague haya maharagi." Wakayachagua. Yalipoisha, Mama akaleta mufuko mwingine. Ule ulipoisha, akarudisha yale ya kwanza ku lungo ya kuchagulia.

"Musoki, haya tumeishayachagua," Mama Clémence alisema.

"Nimeona jiwe."

Mama Clémence alimuangalia, akaanza kuchagua tena. Alikuwa mugeni mu nyumba ile, alifikiri labda amekosa kitu. Mama alitafuta maneno atakayomuambia yakifika yale mabaya, na kila neno aliona ni dogo. Aliweka kikwembe cheusi cha matanga juu ya kitanda, akakirudisha mu sanduku, juu aliona kama anaita kifo.

Fuso ilisikika ku kona mbele ya jua kushuka. Mama alisimama. Alikuona weye unashuka, unazunguka mbele ya gari, unafungua mulango ule wa ngambo, unamupa mutu mukono. Kisha akaona yule mutu.

Mama Clémence hakuinuka. Lungo ilikuwa juu ya magoti yake. Alimuangalia binti yake kutoka kichwa mpaka miguu, na neno la kwanza lililomutoka lilikuwa, "Umenenepa."

"Mama Dorcas ananilisha," Divine akajibu, akamuangukia ku magoti.

Maharagi yote yalimwangika. Walikaa chini mu udongo wamekamatana, hawalii, wanapumua tu kama watu waliokimbia. Baadaye ndipo walilia. Mama alikuja mpaka karibu na gari, akakuangalia na machozi yake. Weye ukamuambia, "Nilikunywa kikombe kimoja tu." Akakupiga kofi ya bega. Siye tulikuwa hapo, tuliona.

Kisha maisha yakaendelea vizuri. Divine alirudi Aveba, juu kijana wa kule, Christian, alikuwa ameishamuposa. Mama Clémence alianza tena, nyuma ya nyumba yetu, na uwanja wote wa parseli ukanuka kimea. Ulipitia mwaka ukikunywa ya mama huku na ya binti kule, ukijifanya huwezi kuamua. Mama Musoki akikuuliza ya nani inashinda, ulijibu, "Ya binti iko na harufu. Ya mama iko na uzito. Nipe wiki." Ulitaka wiki daima. Papa Evariste alisema ulikuwa unaogopa kufukuzwa pande zote mbili.

Ku matanga yako, Baba, Mama Dorcas alituma bido ya plastiki imejaa kasiksi. Papa Evariste, yule aliyeapa hataonja ndizi, alijitilia kikombe mbele ya watu wote, akakunywa mpaka chini. Akapangusa mudomo. "Delphin," alisema, "umeshinda. Sasa rudi tubishane." Kisha akaenda kukaa peke yake ku ukuta.

Na Mama? Tunajua unataka kusikia habari yake.

Miezi ya kwanza, ile saa ya jioni alivuta kiti kidogo, akakaa, halafu akakumbuka. Siku moja binti yako Fanny alimukuta ku parking ya magari makubwa, anauliza mashofere: "Pombe ya Fataki mwezi huu iko namna gani? Imekuwa nyepesi, ao?" Vijana walifikiri anataka kufungua biashara. Walimujibu vizuri, lakini hawakujua kueleza. Mumoja alisema, "Mama, ni pombe, inalewesha." Mama alirudi nyumbani amekasirika. Akamuambia Mama Clémence, "Watu wanakunywa bila kuonja." Kisha wakacheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza tumuone anacheka tangu uende.

Wiki iliyopita alisema anataka kwenda Aveba kumushukuru Mama Dorcas. Binti yako Adeline alimusindikiza. Walipita Bogoro, walipita Geti, na Mama alikuwa anaangalia ku dirisha kama mutu anayesoma, juu kila kona ulikuwa umemueleza. Mama Dorcas sasa amezeeka, macho yake haione vizuri. Alikuwa amekaa nje, karibu na migomba. Mama alisimama mbele yake, akasema, "Mama Dorcas, nimekuja. Miye ni—"

"Musoki," yule muzee alisema. "Kaa."

Mama alikaa. "Nani amekuambia nitakuja?"

"Hakuna. Nimesikia sauti. Sauti ya pili ya korali, hapana? Miye nakujua vizuri, binti yangu. Unatia chumvi ya sombe mwisho. Bwana yako alikuposa, ukakataa, akarudi, ukakataa, ya tatu ukamuambia alete kwanza mwavuli, juu mvua ilikuwa inanyesha. Ukikasirika, unafagia."

Adeline alimuona Mama anapanga kikwembe juu ya magoti, anakipangua, anakipanga. Miaka yote alifikiri habari zilikuwa zinakuja nyumbani tu. Hakujua kama zilikuwa zinatoka pia, kwamba mu barabara zako zote, kila mahali ulipoweka kikombe chini, ulikuwa unasema juu yake.

"Siku moja nilimuuliza," Mama Dorcas akaendelea. "Nikamuambia, Delphin, weye unalinganisha kila kitu, ya huyu na ya huyu. Bibi yako unamulinganisha na nani? Akakunywa, akafikiri vile alivyokuwa anafikiri. Akasema, huyo nimetafuta wa kumulinganisha naye, sikupata. Nimeacha kutafuta."

Kuku zilikuwa zinapita. Divine alikuwa ametoka na mutoto mugongoni, akasimama palepale ku mulango.

"Miye hakuniambia," Mama alisema.

"Angekuambia, ungefagia."

Mama alifunika uso na mikono miwili. Adeline alifikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko pia, na Mama Dorcas akatafuta mukono wake mpaka akaupata.

Misa ya kukuombea itasomwa jumamosi asubuhi mu parokia yetu, na kisha watu wote wanakaribishwa nyumbani, Mbunya. Kasiksi itakuwepo na ya mahindi itakuwepo. Kwa wale wasiokunywa, chai.

Ni siye tunaokukumbuka: Musoki, bibi yako, watoto wako Moïse, Adeline na Fanny, pamoja na wajukuu, Mama Clémence na binti yake Divine, Christian na mutoto wao, na Evariste, ndugu yako wa mabishano.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zote uko kwetu.