Ini la Kundi la Nne

Jumanne, 3 Juni
Siku ya ishirini na tano ya dozi. Panya wote wamepewa. Kundi la kwanza maji matupu. La pili, la tatu na la nne maji yenye chembe za silva, yaani madini ya fedha, dozi ikipanda kila kundi. Chembe zenyewe ni ndogo mno, moja haionekani hata kwa hadubini yetu. Jike mmoja ameniuma kidole. Kundi la nne wanabakiza chakula. Nimeandika.

Mgongo unaniuma, kwa hivyo Kendi ameosha vizimba vyote peke yake. Miaka miwili sasa tuko wote hapa Embu, mimi na yeye. Maabara moja, nyumba moja, tunapika kwa zamu. Dada zangu hawanijui kama Kendi anavyonijua.

Daktari Mutwiri, msimamizi wa masomo yetu hapa chuoni, amepita kuuliza tutamaliza lini. Ana haraka. Anataka silva hii itiwe kwenye mapipa ya maji ya kunywa, iue viini vya magonjwa. Ataanzia kwetu Siakago, kwa sababu ya ukame na maji yetu machafu. Aprili alinipeleka huko niongee na akina mama wa kanisa kwa Kimbeere, maana mimi ni mtoto wao. Niliwaambia tunapima kwanza. Nakumbuka nilisema "kwanza" mara mbili.

Ijumaa, 6 Juni
Tumepasua panya. Kutwa nzima tumesimama. Mimi nakata, Kendi anapima uzito na kutia kwenye formalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze.

Kundi la kwanza, maini mazuri. Laini, rangi moja. La nne, hapana. Yamevimba, yamepauka, yana madoa ya kijivu. Figo pia si sawa. Kendi ndiye aliyeona madoa kwanza. Alisema, "Wawira, hebu ona hii," na sauti yake ilikuwa chini.

Nimekula ugali mkavu. Mboga ilikuwa na maini, nimeiacha.

Jumanne, 17 Juni
Slaidi, vile vipande vyembamba vya maini juu ya vioo, ziko tayari. Kila mmoja amezisoma peke yake, bila kujua ni za kundi gani, kisha tukalinganisha. Tumekubaliana karibu kila mahali. Kundi la nne, seli za ini zimejaa matundu, nyingine zimekufa kabisa. Kuna punje nyeusi zimejikusanya kando ya mishipa. Kundi la tatu, vivyo hivyo kwa uchache. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu dozi ya kundi la tatu haiko mbali sana na ile itakayotiwa kwenye mapipa.

Sisemi watu wataugua. Panya si mtu. Nasema hatujui, na kwamba tulichoona si bure.

Tumepeleka karatasi kwa Daktari pamoja. Alizisoma polepole. Akasema, "Kazi safi." Basi.

Alhamisi, 26 Juni
Daktari ameniondoa kwenye mradi. Ati nipumzike, nikamsaidie mwenzake mwenye utafiti wa majani ya mwarobaini. Ripoti ataimalizia Kendi. Aliongea vizuri, hata akaniuliza habari za mama. Nilimwambia asante. Nilimwambia asante!

Kendi amechelewa kurudi. Hakula.

Jumatano, 2 Julai
Nimeiona ripoti. Nilienda kuchapisha karatasi zangu za mwarobaini nikaikuta kwenye mashine ya ofisini, bado ina joto. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

"Hakuna mabadiliko yoyote yaliyoonekana kwenye ini wala figo."

Kundi la nne halimo. Si kwamba limeelezwa vibaya. Halimo. Makundi ni matatu, kana kwamba wale panya hawakuzaliwa. La tatu limeandikwa "kawaida". Msomaji wa slaidi ni mmoja, Kendi, na sahihi ni yake. Naijua ile K yake yenye mkia. Jina langu liko mwisho, kwenye shukrani, nimeshukuriwa kwa kutunza wanyama.



Alhamisi, 3 Julai
Nimemuuliza. Alikuwa anamenya viazi. Sikupiga kelele.

"Daktari alisema dozi ya nne ilikuwa kubwa kupita kiasi, haina maana kuiweka."

"Na ya tatu?"

Akachukua kiazi kingine, akasema: "Amenipatia nafasi ya shahada ya udaktari, Wawira. Ya kusomea ng'ambo. Unajua mimi natoka wapi. Kwetu Mikinduri hakuna mtu amewahi kufika mahali nimefika."

"Na mimi natoka wapi?"

Aliendelea kumenya. Alimenya mpaka kiazi kikabaki kama kidole.

Namchukia. Hapana. Ningependa kumchukia, ingekuwa rahisi. Daktari simshangai. Yeye ni mkubwa, ana watu wa kuwaridhisha. Lakini yeye Kendi aliona kabla yangu.

Jumamosi, 5 Julai
Nimempigia mama nimwambie nakuja kesho. Kwa furaha kabisa akanieleza kwamba maji siku hizi ni matamu. Watu wa Daktari walileta chupa wiki mbili zilizopita, kila nyumba ya kikundi cha akina mama wa kanisa. Matone kwenye pipa.

Nikamwambia asinywe. Akasema, "Si ni dawa yenu? Walisema Wawira ndiye ameipima."

Wiki mbili zilizopita. Karatasi zetu zilikuwa tayari mezani kwa Daktari. Alipokuwa akiniuliza habari za mama, mama alikuwa anakunywa.

Jumapili, 6 Julai
Siakago. Baada ya ibada nimeomba mchungaji anipe dakika chache. Nimewaambia yote kwa Kimbeere. Panya, ini, ripoti. Nimewaambia sijui kama kuna aliyedhurika, lakini waache leo hii.

Nilidhani watamkasirikia Daktari. Mama Ngari, mwenyekiti wa kikundi, alisimama. "Yeye hatumjui. Sisi tulikubali kwa sababu yako."  Walitoka wakanipita mlangoni. Wengine walinisalimia, wengine hawakunisalimia. Mama alinisubiri nje, tukaenda nyumbani.

Wana haki. Hata mimi nilitumiwa kuwafikishia dawa, kama zile chupa, lakini wao hawawezi kuniona hivyo.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeandika barua kwa kamati ya maadili ya chuo. Nimeambatanisha nakala ya daftari langu, na picha za slaidi nilizopiga kwa simu siku tuliposoma. Nimeipeleka kwa mkono. Karani amegonga muhuri bila kuitazama.

Nimehamia kwa binamu yangu. Sufuria nimemwachia Kendi.

Ijumaa, 25 Julai
Kamati imeniita. Saa mbili za maswali. Walikuwa wameomba vile vipande vya maini vyenyewe, wakampa msomaji wa chuo kingine. Ameona tulichoona. Mradi umesimamishwa, chupa zinakusanywa, akina mama watapimwa damu. Daktari amepewa likizo. Nafasi ya Kendi imefutwa.

Mimi pia napoteza. Matokeo hayatatumika kwenye shahada yangu mpaka uchunguzi uishe, na hakuna anayetaka kunisimamia. Mhadhiri mmoja aliniambia waziwazi kwamba anaogopa wanafunzi wanaoandika barua.

Nilikutana na Kendi kwenye ngazi. Alisimama kando nipite. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga majuma yote haya. Nikapita.

Jumamosi, 9 Agosti
Nyumbani. Majibu ya mama yamekuja, damu yake haina shida. Watamrudia baada ya miezi mitatu. Mama Ngari pia yuko sawa. Alileta habari mwenyewe, akakaa, akanywa chai nusu kikombe. Hakuniomba radhi, nami sikutarajia. Alipoondoka aliniaga kwa jina.

Mchana mama amechinja kuku. Alinyonyoa, akanipa kisu nipasue, yeye akavuta kigoda akakaa karibu. Hajawahi kunitazama nikifanya kazi. Nilipotoa ini akaniuliza, "Hilo likoje?"

Nililigeuza kwenye kiganja. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni zima, mama."

Akachukua, akaliosha, akalitia sufuriani.