Maiti Aliyebebwa Likoni

Likoni, Alhamisi, Mfungo Mosi, 1947

Wote barazani wanakihadithia vibaya kisa changu cha leo. Eti nilizimia mlangoni. Mimi?

Nimerudi leo kutoka kwetu Tanga, nilikokwenda kula Idi, nakuta hapa watu wanasoma hitima yangu! Mtani wangu Kassimu alieneza kuwa nimekufa, apate chumba changu chenye dirisha. Mkeka wake ushatandikwa humo.

Watu wakapiga kelele wakidhani mzuka. Mie nikaketi mbele ya sinia, nikala pilau ya hitima yangu. Tamu, wallahi.

Kisha nikajilaza chini. "Kassimu, maiti hubebwa na mtani wake. Nipeleke chumbani kwangu."

"We mzee, nilikuwa natania tu!"

"Na mie natania. Beba!"

Bi Riziki, mwenye nyumba, alicheka hadi akashika ukuta. "Mbebe, Kassimu. Mila ni mila."

Nikamwamrisha Kassimu anizungushe mtaa mzima kwanza, jasho lamtiririka, nami najitia uzito. Tulipofika chumbani akautoa mkeka wake, akapiga magoti, akaniomba radhi.

Hapo pa radhi nimeongeza. Mkeka kautoa, radhi hajaomba. Basi kesho nakufa tena, na atanibeba mpaka Mtongwe.