Aliyeruka Ukuta Si Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo dukani nilikuwa nampima macho mama mmoja. Nimembadilishia lenzi ya tatu, yeye anautazama uso wangu badala ya ubao wa herufi. Akauliza kama si mimi yule mtoto aliyeruka ukuta kwenye ile filamu. Nikacheka kama kawaida yangu. Nikasema ni mimi.

Nimekuwa mengi tangu wakati ule. Mtangazaji wa redio, mpaka walipopata sauti changa zaidi. Mkata tiketi za ndege — abiria wakitaka niwasainie tiketi zao. Mwaka mmoja wa uuguzi, nikazimia nilipoona damu. Sasa miwani, mwaka wa kumi na sita. Kote huko hakuna aliyewahi kuniuliza habari za filamu zangu nyingine nne. Ukuta tu.

Na ukuta sikuruka mimi.

Jumatano, 5 Machi

Simu kutoka jumba la sinema. Wameisafisha ile filamu, wataionyesha Jumamosi mchana. Wanataka nipande jukwaani nieleze nilivyoruka. Nikasema sawa. Mdomo huu!

Nikampigia mdogo wangu. Amefurahi kuliko mimi. Gauni atanishonea yeye, nisihangaike na mafundi wasioyajua mabega yangu. Kazi yake ni cherehani, na anaifanya ingawa mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri. Kiwiko kilivunjika palepale ukutani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye tisa. Nilipandishwa, nikatazama chini, nikajikojolea. Dairekta akamgeukia mdogo wangu, ambaye alikuja kunisindikiza tu. Sura moja, kimo kimoja. Wakamvalisha gauni la akiba. Akaruka mara moja. Akaangukia mkono, akainuka, akakimbia analia na kucheka kwa pamoja, kamera ikamfuata mpaka mwisho wa barabara. Hakuna aliyemfundisha vile.

Mama alisema yasitoke nje. Hayakutoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kujaribu gauni. Mdogo wangu amepiga magoti, pini mdomoni, anapima upindo. Akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Hivi dada, yule mzee dairekta si alisema ataniita filamu ya pili? Sijui nilimkosea nini."

"Labda alisahau," nikasema.

"Likizo nzima nilikuwa nakaa mlangoni nimeshachana nywele." Akacheka. "Tulia basi, nitakuchoma."

Nikatulia. Afadhali angenichoma.

Acha niandike, maana sijawahi. Dairekta aliniuliza mimi kwanza. Tulikuwa ndani ya gari lake, ananirudisha nyumbani peke yangu, mdogo wangu yuko hospitali anafungwa plasta. Akauliza naonaje mdogo wangu akicheza filamu ijayo. Nikamwambia ana kifafa. Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia shuleni wiki ileile. Nikaongeza kwamba mama hapendi lizungumzwe. Hilo la mama ndilo lililomaliza kazi, maana hakuuliza tena.

Watu wangesema utoto. Lakini nakumbuka nilivyotazama nje ya dirisha ili asinione uso. Mtoto asiyejua anachofanya hafichi uso.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi sasa hivi. Gauni bado mwilini.

Ukumbi ulijaa. Mdogo wangu mstari wa mbele, mkoba mapajani. Alipotokea kwenye skrini akiruka — yeye, wa miaka tisa — nilimwona anajishika kiwiko. Kisha nikaitwa. Mwendesha shughuli akauliza kama niliogopa. Nikasema kidogo. Nikaeleza nilivyotua. Nikainua hata mkono wa kushoto kuonyesha palipovunjika. Sijui nani alinituma. Mkono umenyooka kama rula! Watu wakapiga makofi, na yeye akapiga.

Kama yangeishia hapo, ningekuwa mwongo wa siku zote tu.

Nje, mlangoni, yule dairekta. Kiti cha magurudumu, binti yake anasukuma. Akanipita mimi. Akaushika mkono wa mdogo wangu, ule ule, akasema, "Wewe ndiye uliyeruka. Nilitaka sana kukuchukua. Vipi, kile kifafa kilikuacha?"

"Kifafa gani, mzee?"

"Dada yako aliniambia. Alikuwa anakuonea huruma sana." Akanitazama kwa upole. Alidhani ananisifu.

Kwenye teksi mdogo wangu alitazama mbele. Alisema neno moja tu, kwamba upindo umefumuka, nimpelekee.

Jumapili, 9 Machi

Nimempelekea. Alikuwa anashona sare za shule. Nikaanza: nilikuwa mtoto, mdogo wangu, nilikuwa —

"Ngoja nimalize mshono huu."

Nikangoja. Akamaliza, akakata uzi kwa meno.

"Unakumbuka binti yangu alipotaka kujiunga na kundi la maigizo?" akasema. "Walimchagua. Nikamkatalia. Nikamwambia kwetu mwenye kipaji ni mama yako mkubwa, mimi nilijaribiwa nikaonekana sifai, asije akajidanganya kama mimi. Alilia siku tatu."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mimi usiniombe chochote leo," akasema. "Mpigie yeye. Umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nikasema nitampigia nikifika nyumbani. Gauni akalipokea, akalitundika nyuma ya mlango pamoja na ya wateja.

Nimefika tangu saa nane. Nimefua. Nimepanga kabati. Nimeandika ukurasa huu wote badala ya kupiga simu.

Simu inaita. Ni yeye anapiga, mwanangu huyo. Sijui kama mama yake ameshamgusia au anataka tu kunipongeza kwa ya jana. Atasema, "Shikamoo, mama mkubwa," kama siku zote, na mimi nitapaswa kuitikia