Baba Hakumwona Mchungaji

Ijumaa jioni. Tangu asubuhi wingu zito limekaa juu ya ziwa na mvua haishuki. Sijisikii vizuri, na wala si homa.

Leo tulijaribu basi. Pale kwenye makumbusho ya magari ya zamani, huku kwetu Ilemela, wamelifufua basi ambalo baba yangu aliliendesha kwenda Musoma miaka na miaka. Kesho linazinduliwa. Watakaopanda ni watoto wa shule ya Jumapili, na binti yangu Neema yumo. Kwenye usukani, baba. Nani angethubutu kumnyima?

Mimi ndiye konda wake. Kazi ni ile ile ya enzi zao: unasimama mlangoni, ukigonga bodi mara moja anasimama, mara mbili anaondoka. Nilicheka sana waliponivisha ile kofia.

Basi likiwa linanguruma, mchungaji wetu akaenda kusimama mbele yake apigwe picha. Mlango ulikuwa umegoma kufunga, nikaupiga kwa kiganja, pu pu.

Baba akaondoa basi.

Mchungaji alikuwa mbele ya kioo kabisa, na shati lake jeupe, mchana kweupe. Nikapiga yowe, basi likasimama, mchungaji akarukia pembeni. Watu wakacheka wakidhani mzee anatania. Baba naye akacheka, akaniambia, "Konda ndiye macho ya dereva, mwanangu."

Wao walisikia utani wa madereva. Mimi nikakumbuka anavyopapasa meza siku hizi akitafuta kikombe.

Baba haoni. Na anajua kwamba haoni.

Sijamwambia mtu. Tangu mama afariki, hakuna kilichomtoa baba kitandani ila hili basi. Sasa hivi yuko uani anapiga viatu rangi huku anaimba Kijita, na Neema anamsumbua, babu, kesho mimi nakaa kiti cha mbele. Anamjibu ndiyo. Barabara yenyewe inashuka kati ya mawe mpaka ziwani.

Nimemfuata pale uani nikiwa nimejipanga kusema. Nikaishia kumwuliza kama atakunywa uji. Mwoga mimi.

Asubuhi, kabla hajavaa sare, nitamwambia. Akikataa nitasema mbele ya mchungaji na kanisa zima, aibu na iwe aibu. Namjua baba, hatanisamehe. Na asinisamehe. Bora nimzike siku moja akiwa bado amenikasirikia, kuliko kumzika Neema kesho kutwa.