Uvimbe Ulionywea

3 Machi

Mwanangu Bwana Hadubini,

Hujambo huko ughaibuni? Mimi sijambo, tena sijambo kweli. Mionzi siku ishirini na tano nimeimaliza, vidonge nimemeza vyote, na damu chooni imekatika. Jana nimeshona sketi sita za sare bila kuinuka kwenye cherehani. Sasa daktari anataka kunipasua mwezi wa tano! Atoe nini, na uvimbe wa utumbo umekwisha? Eti nitavaa mfuko wa choo tumboni miezi kadhaa. Thubutu! Mimi ni fundi, nakata, sikatwi. Wala usinibembeleze.

Mama yako


12 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari ya damu imenifanya niruke hapa maabara mpaka mkuu wangu akanitolea macho. Lakini Mama, damu kukatika si kupona. Kazi yangu kila siku ni kutazama vipande vya uvimbe uliokwisha kutolewa, nione dawa zimeua kiasi gani. Aliyebakiwa na kovu tupu, mara nyingi ugonjwa haumrudii. Aliyebakiwa na chembe chache za saratani naye ana matumaini makubwa. Wanaotutia hofu ni wale ambao uvimbe haukutikisika. Wako umetikisika, nina hakika, ila jicho linalotazama chooni halioni chembe. Kapige picha kwanza, ndipo ukatae. Kwani wewe hukata kitambaa cha pamba kabla hujakilowesha kikanywea? Basi ndivyo walivyokufanyia. Wamekulowesha, bado kukata.

Mwanao


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mzima wewe? Umeniweza. Uvimbe ulikuwa sentimita tano, picha inasema umebaki moja na nusu. Daktari alifurahi, mimi nikaenda kulia. Nilishawatangazia wateja kwamba nimepona! Nikakukasirikia wewe, ndiyo maana nilinyamaza. Haya, napasuliwa tarehe sita. Nimeshajishonea magauni mawili mapana, mfuko hautaonekana. Naogopa, mwanangu. Nakwambia wewe tu.

Mama yako


15 Mei

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Siku tisa sina neno lako, simu haipokelewi. Leo nimerudia kutazama kipande kimoja mara tatu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao


29 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, pole kwa kimya. Kidonda kilichelewa kidogo kupona, na simu nilimwachia shangazi yako, naye kaifungia kabatini eti nipumzike! Sasa nakula, natembea hadi getini. Mfuko tumezoeana, ingawa jana ulinguruma mbele ya mteja, tukacheka wote wawili.

Majibu yametoka. Tezi walizotoa kando ya uvimbe ni kumi na sita, zote safi. Kwenye uvimbe zilikutwa chembe chache bado hai. Daktari alianza kunieleza polepole kama anayetoa tanzia, nikamkatiza: "Chache, na tezi safi? Hiyo ni habari njema, daktari." Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia ninaye Bwana Hadubini wangu.

Ila usiku ule niliwaza. Chembe hizo zingekuwa tumboni mwangu hadi leo, zinakua, nami nimekaa kwenye cherehani najisifu kwa wateja. Ahsante kwa kunigombeza, baba.

Mama yako, yupo