Kamera Niliyosema Nimeiazima

Swahiba, uko? Nimejifungia bafuni. Aibu imenivaa mwili mzima.

Ile kamera. Mama kaiona mezani, nami nikaropoka eti nimeiazima kazini.

Basi akaifunika kwa kitambaa safi. "Kitu cha watu hicho, mwanangu. Kikiharibika tutalipa nini?"

Tutalipa! Yeye na mimi! Na juzi tu nimemwambia sina hela ya miwani mpya. Tangu ile ya zamani ivunjike, anaona kwa kukisia.

Halafu akaomba nimpige picha. Akajipangusa uso, akatabasamu. Nikampa aitazame. Akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, mwisho akauliza, "Nimetokaje?"

Nimetokaje, swahiba! Ananiuliza mimi!

Nikashindwa. Nikasema, "Mama, kamera ni yangu. Nimeinunua."

Nilingoja anifokee. Akasema, "Hongera, mwanangu," kwa moyo mweupe kabisa, akarudi kuchambua mchele kwa kupapasa.

Heri angenizaba kofi.

Kesho nairudisha dukani, wakikataa naiuza. Lakini ile hongera yake nitaipeleka wapi?