Kijiko Kimoja cha Nyongeza

Jumatatu, 4 Machi

Leo Baba amekwenda kazini. Ajabu kuandika hivyo, maana Baba hajawahi "kwenda" kazini. Kazi ilikuwa chini ya ngazi: anashuka, anafungua mlango wa duka, basi, amefika. Leo amefuatwa na gari la serikali. Amevaa sare waliyompa. Mabega yanamzidi, utadhani kaazima. Tangu leo yeye ndiye Mkuu wa Mgao. Chakula chote cha mji huu, gunia kwa gunia, yeye ndiye wa kusema kiende duka gani na kila nyumba ipate kiasi gani, mpaka vita viishe. Wamemchagua kwa sababu ameendesha duka miaka ishirini na sita na hajawahi kugombana na mteja juu ya mizani.

Funguo ameniachia mimi.

"Wewe ndiye mwenye duka sasa, mama," akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama na wadogo zangu wako kwa Bibi tangu ndege zilipoanza kupita juu ya mji. Shule nimemaliza mwezi wa kumi na mbili. Chuo cha ualimu nilichokuwa nakisubiri kimejaa wanajeshi, wanaanika soksi madirishani. Kwa hiyo nimebaki mimi, duka, na redio isiyo na betri. Leo wameingia wateja kama thelathini, na sidhani nimewaambia kitu zaidi ya "asante". Jioni nikajaribu kuimba, nikanyamaza. Sauti inarudi ukutani.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya sukari. Gunia moja kwa wiki, kilo hamsini. Kadi mia moja, nusu kilo kwa kadi. Hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza hesabu hiyo.

Foleni ilifika mpaka kwa fundi viatu, ng'ambo ya pili ya barabara. Nikapima kama Baba alivyonifundisha zamani, nikisimama juu ya kreti ili niifikie meza: mizani isawazike, subiri itulie, halafu kijiko kimoja juu. Kile cha mbao. "Mizani ni ya serikali," Baba husema, "kijiko ni changu." Ndiyo maana watu wanayapita maduka mawili mazima wakija kwetu.

Saa tisa gunia likaisha. Na wanawake watano bado wamesimama!

Nikalipindua gunia. Nikalikung'uta. Masikio yanawaka moto. Mwishowe nikapanda juu mbio, nikachukua sukari ya nyumbani, ile aliyoiweka Mama kabla ya mgao kuanza, nikawapimia wote watano. Imetosha, kopo limebaki tupu. Wakaondoka hawajui lolote.

Labda gunia lilikuja pungufu. Labda nimekosea kuhesabu. Baba sijamwambia. Ataona sijui kuhesabu mpaka mia.

Jumapili, 10 Machi

Jumapili zote tangu nimezaliwa, Baba Mkubwa wa Kona huja kwetu kucheza drafti. Si ndugu wa damu. Ana duka pale kona, na yeye na Baba walijifunza kazi pamoja wakiwa vijana, chini ya mwenye duka mmoja. Wakicheza wanatukanana mpaka Mama anafunga mlango wa jikoni. "Wewe hata ungekuwa na macho manne ungefungwa!" Hivyo hivyo, miaka yote.

Leo hakuja. Nikauliza. Baba akajibu huku anatazama sahani.

"Duka lake nimelifunga Ijumaa."

Kumbe mafungu sita ya sukari, ya nusu kilo kila moja, yamepungua kwake. Baba akamuuliza yamekwenda wapi, akasema hajui. "Mtu mzima na mvi zake, ananiambia hajui!" Sasa jina lake limeandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, ule wa wezi wa mgao, kila mpita njia analisoma.

"Nikimwachia yeye kwa kuwa ni rafiki yangu," Baba akasema, "kesho nitamfungia nani?"

Nilitaka kusema: Baba, hata kwangu walibaki watano. Kinywa kikafunguka. Yakatoka: "Nikuongezee chai?"

Jumatano, 13 Machi

Tena! Watano tena. Na nyumbani hakuna kitu.

Wa mbele yao alikuwa Mama Mapacha. Mmoja mgongoni amelala, mwingine kamshika sketi, ananitazama bila kupepesa.

"Imeisha," nikasema.

"Imeisha, au imepanda ngazi?" Akainua macho kwenye dirisha letu la juu. Wenzake wakacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mwache mtoto wa watu," mmoja akasema.

"Watu gani? Huyu mtoto wa Mkuu! Mgawaji kajigawia kwanza. Yule mzee wa kona wamembandika ubaoni kama ngozi ya mbuzi. Hawa nani atawabandika?"

Mtu mwingine angejitetea, angelia, angefanya lolote. Mimi nilikuwa naifuta mizani kwa kitambaa. Naifuta, naifuta, mpaka wakaondoka.

Ijumaa Mama Mapacha atapeleka malalamiko ofisini. Alisema hivyo akiwa mlangoni, kwa sauti, fundi viatu naye asikie.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejua! Nimejua mafungu yalikokwenda!

Asubuhi hakuna mteja. Nikasema, nitapima kila kitu upya, hata mizani yenyewe. Mizani ni sahihi. Mawe ya mizani sahihi. Nikabaki natazama kijiko. Nikakijaza mchanga wa kwenye ndoo ya kuzimia moto, sukari sina, nikaupima. Halafu nikawaza: mchanga ni mzito kuliko sukari. Basi nikakwangua pembe za magunia, nikapata kijiko kimoja cha sukari yenye nyuzi. Gramu ishirini na tano.

Gramu ishirini na tano mara watu tisini na tano. Zaidi ya kilo mbili! Mafungu manne na kitu, na la tano halijai. Ndio wale watano, kabisa!

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Zamani gunia likiisha Baba anafungua jingine, nani atajua? Sasa gunia ni moja tu. Kila niliyemfurahisha nilimchukulia mtu aliye nyuma yake.

Ndipo nikaacha kucheka. Baba Mkubwa.

Nikafunga duka saa nne, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikamkuta amekaa kizingitini pake, mlango ubavuni mwake umepigwa lakiri ya serikali.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana. Baba Mkubwa, ukipima sukari... unaongeza kitu?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama huwa anapumua. "Kwani baba yako hakukufundisha? Yeye kijiko, mimi mkono. Mwalimu wetu alituambia: asiyeongeza ni karani, si mwenye d..." Akafungua kiganja, akakiangalia.

"Miaka thelathini," akasema taratibu. "Mkono unafanya wenyewe. Hata hauniulizi."

Nikamwambia twende ofisini wote wawili, sasa hivi. Akakataa!

"Akijua, itabidi ajibandike mwenyewe. Jina lake na duka lake, chini ya langu. Na aliyebandikwa hawezi kukaa kwenye kiti kile. Wakimtoa, watamweka nani? Hao wengine hawajui hata unga unavyonuka ukianza kuharibika. Mwache baba yako afanye kazi. Wewe usiongeze tena, basi, yameisha."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshabandikwa. Haiumi mara mbili."

Mwongo. Alikuwa amekaa hivyo kizingitini ili wanaopita wasimwone, uso ameuelekeza ukutani.

Jumapili, 17 Machi

Baba kalala mezani saa saba mchana, kichwa juu ya mafaili. Nimekaa mbele yake mpaka saa tisa na maneno yangu yamepangwa, moja mbili tatu. Alipoamka akasema, "Ulikuwa hapa muda wote?" Nikasema ndiyo. Akasema pole. Akarudi ofisini, Jumapili!

Tuko wawili katika nyumba hii na kila mmoja yuko peke yake.

Jumatatu, 18 Machi

Sijui niandike vipi.

Baba amerudi mapema, jua bado lipo. Akafunga mlango wa duka kwa ndani. Akatoa kifurushi chini ya koti la sare, akakiweka juu ya meza. Kilo mbili na nusu. Kina mhuri wa stoo ya serikali.

"Wale watano waliolalamika Ijumaa, waite wape. Waambie lilisahaulika stoo. Yule mama wa mapacha nitazungumza naye mimi."

"Baba, mimi si..."

"Sitaki kujua, mama." Mkono kauinua, ule wa kusimamisha foleni. "Uko peke yako, mama yako hayupo, njaa ipo, marafiki wanaomba. Sitaki kujua. Yameisha."

"Baba, ni kijiko..."

"Nimesema yameisha!"

Halafu akaniwekea mkono kichwani. Hajafanya hivyo tangu nikiwa mdogo.

Anadhani nimeiba. Anadhani nimeiba na amenisamehe! Nilitamani anichape. Lakini niliuacha mkono wake pale, nisieleze kitu, kwa sababu — niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma — kwa sababu ulikuwa mzuri. Wiki mbili hakuna mtu aliyenigusa.

Alipopanda juu nikakitazama kifurushi. Mtu ambaye hakumwachia rafiki yake hata siku moja ameiba kwa ajili yangu, kwa kosa ambalo sikulifanya hivyo anavyodhani. Baba Mkubwa hakuletewa kifurushi.

Nikinyamaza, Baba anabaki Mkuu, duka linabaki, mimi nabaki mwizi aliyesamehewa, na mzee anabaki na uso ukutani. Nikisema, wote wawili wanakwenda ubaoni, kisha labda mmoja anatoka. Baba Mkubwa amesema ninyamaze. Baba amesema ninyamaze. Na mimi kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokiweza vizuri.

Jumanne, 19 Machi

Naandikia ofisini. Malalamiko hupokewa Jumanne na Ijumaa. Benchi refu, ukuta wa kijani umechubuka pale migongo ya watu inapoegemea. Nimekuja saa mbili, nimepewa kikaratasi cha namba: kumi na tatu. Kifurushi kiko mapajani, mhuri nimeugeuza juu. Sijakifunika.

Wanawake walikuwa wanaongea nilipoingia. Hawaongei tena. Mama Mapacha amerudi kufuatilia lalamiko lake, yuko mwisho wa benchi, yeye kumi na moja.

Karani ana miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Amenipa fomu. *Anayelalamikiwa.* Nikaandika duka letu, na jina la Baba kama lilivyo kwenye leseni. *Kosa.* Nikaandika nyongeza, kijiko, gramu, watu tisini na tano, kila kitu, mpaka nyuma ya karatasi. Nikaandika pia kwamba mzee wa kona hakuiba, na jina lake lifutwe. Na kwamba hiki kifurushi kinarudishwa stoo.

Karani akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Binti, unajua fomu hii inaishia wapi? Mkuu anasaini, halafu ubaoni."

"Najua."

Akainama, akashusha sauti. "Pitia mlango wa nyuma. Kamwone kama baba."

"Nimeshamwona kama baba," nikasema. "Hakunisikiliza."

Benchi zima likageuka. Sikujua kwamba nimesema kwa nguvu hivyo.

Akachukua fomu, akaingia nayo.

Kumi imetoka. Mama Mapacha ameitwa. Kabla ya kuingia akasimama mbele yangu, akatazama kifurushi, akatazama mhuri. Nilidhani atanitukana. Akamteremsha yule mgongoni, akamkalisha benchini pembeni yangu. "Nishikie," akasema, akaingia na mmoja.

Mtoto ana joto kama mkate. Naandika kwa mkono mmoja.

Ametoka. Amemchukua mwanawe. Ila hakuondoka. Amesimama karibu na dirisha, anangoja.

Kumi na mbili ni mwanamume mwenye mkongojo. Ameingia. Ametoka upesi.

Sasa mlango umefunguliwa na si karani. Ni Baba mwenyewe. Ameshika fomu yangu. Ameshausoma upande wa mbele, na wa nyuma pia, maana ameigeuza. Uso wake siujui. Anatazama benchi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, kama mtu anayehesabu magunia. Amenifikia.

Hakuniita kwa jina. Hakuniita mama.

"Namba kumi na tatu," amesema, na mlango ameushikilia wazi.